Dakika Sitini Bila Kutoka

Karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa klabu pale Mikumi inasema nimestaafu mpira wa magongo kwa sababu za kifamilia, na inanitakia maisha mema. Nina miaka ishirini na tisa. Maisha mema nitayatafuta mwenyewe, asanteni. Lakini hiyo sababu ya kifamilia ina jina. Inaitwa Salma, ina miezi kumi na moja na meno manne, na haijamstaafisha mtu yeyote. Kwa hiyo naandika. Nawaandikia ninyi mliobaki uwanjani, hasa Nyamizi, anayevaa namba yangu sasa. Habari za nani alipewa unahodha lini na nani alilipwa nini nitaziruka, hazijawahi kumpa mtu pumzi. Nitaandika kazi yenyewe ilivyokuwa.

Nilianza Kilosa, kidato cha pili. Mwalimu wa jiografia alihamia kwetu na magongo kumi na moja ndani ya gunia, na mipira miwili migumu kama mawe. Mama aliposikia kwamba Zuhura wake anafundishwa gongo shuleni alikuja kwa miguu yake kuuliza ni pombe gani hiyo inayopikwa kidato cha pili. Alionyeshwa fimbo, akaipima kwa mkono, akasema afadhali.

Kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kuinama. Gongo linaishia kiunoni, mpira uko chini, na wewe unatakiwa ukimbie kwa kasi ukiwa umekunjwa katikati. Kwenye mpira wa miguu unakimbia umenyooka. Huku unakimbia kama mtu anayefagia uwanja huku anafukuzwa na nyuki. Tena gongo lina uso mmoja tu ulio bapa, ukigusa mpira kwa mgongo wake wa mviringo refa anapuliza, kwa hiyo mpira unaubeba upande wako wa kulia na mwili unajipinda huko huko, mechi nzima. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani nikashindwa kukaa kwenye kigoda. Mama alinikanda mgongo kwa maji ya moto na kitambaa, akaniuliza kama kuna mtu amenipiga.

"Hakuna, mama. Tulikuwa tunacheza."

"Basi huo mchezo umekupiga."

Nilikwenda Mikumi nikiwa na miaka kumi na tisa. Klabu ilikuwa na uwanja wa kifusi kilichoshindiliwa, kando ya barabara kuu, na malori yalikuwa yakipunguza mwendo kutuangalia. Mazoezi ya kwanza niliyofika hayakufanyika, kwa sababu tembo walikuwa wamepita alfajiri wakaacha mashimo ya miguu kwenye eneo la kufungia mabao. Tulishinda tukijaza kifusi. Ndivyo nilivyokutana na Dada Rehema. Alikuwa kiungo wa kati, mtu wa Kidete, mrefu, mkimya, na alikuwa anashindilia kifusi kwa miguu kana kwamba kuna mtu chini yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Gongo lako liko wapi?"

Nikampa. Aliutazama mpini, akautoa ule mkanda uliochakaa, akakata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli akauzungushia upya, ukibana. Akaniambia kiganja kikitokwa jasho gongo linageuka mkononi, na likigeuka kwenye kasi utavunja kidole, chako au cha mwenzako. Akaniambia kinga ya meno niichemshe mwenyewe na niiume hadi ipoe, nisiazime ya mtu. Akaniambia kinga za ugoko nizivae hata mazoezini. Hayo yote ni kweli hadi leo na nawaambia tena: msiazime, na zivaeni.

Mengine aliyonifundisha yalikuwa ya mwili. Kwamba mechi ina robo nne, kila robo dakika kumi na tano, na kwamba robo ya kwanza inakudanganya. Kwamba hutachoka kwa mbio ndefu. Utachoka kwa zile hatua sita za kasi, simama, geuka, hatua nane, simama, inama, na hakuna anayezihesabu kwa sababu mara nyingi mpira haukufikii. Kwamba mguu unaovunja mwendo ndio unaokufa kwanza, siyo unaokimbia. Kwamba ukianza kusikia mate mazito na macho yanautazama mpira badala ya kumtazama mtu, umeshachoka, hata kama bado unakimbia. "Wakati huo miguu inakudanganya," alisema. "Kichwa kimeshatoka uwanjani."

Yote sahihi. Halafu kuna kitu kimoja alichonifundisha bila kusema neno, na hicho ndicho kinachoniandikisha.

Sheria ya magongo inamruhusu kocha kubadilisha wachezaji muda wote, mara nyingi atakavyo. Unakimbia hadi mstari wa kati pembeni, unatoka, mwenzako anaingia, refa hapulizi hata filimbi. Unapumua dakika tatu nne, unarudi. Mchezo umetengenezwa hivyo makusudi, kwa sababu aliyeuandikia sheria alijua hakuna mwili unaoweza kuinama na kufyatuka dakika sitini ukabaki na akili. Sisi Mikumi tulikuwa na sheria yetu. Benchi tuliliita sebule. Aliyetoka kupumzika alikuwa mgeni. Alipokaa tu walianza: "Karibu sebuleni, mgeni. Chai au soda? Watoto hawajambo?" Baada ya mechi, ndoo ya maji ya kunywa waliitangulia wenyeji, yaani wale ambao hawakutoka hata mara moja, halafu ndiyo wageni. Kocha alikuwa anacheka na sisi. Sheria hiyo hakuitunga yeye. Aliikuta, ikamfaa.

Mechi yangu ya kwanza nilitoka robo ya pili, natapika. Dada mmoja mshambuliaji akanikunjulia kanga kwenye benchi kama anamtandikia mkwe. Nilicheka na wenzangu. Moyoni niliapa sitaketi tena pale. Dada Rehema hakunicheka, lakini yeye alikuwa hajawahi kutoka, na nilitaka kuwa yeye.

Alicheza hivyo miaka sita niliyokuwa naye. Mwaka wa mwisho alikuwa anajifunga mkanda wa kitenge kiunoni chini ya jezi, anaukaza kabla ya robo ya tatu, akituambia ni wa kuzuia bukta. Siku moja mazoezini aliinama kuokota mpira akabaki ameinama. Tulimbeba hivyo hivyo alivyo. Nilimtembelea Kidete mwaka juzi. Mto Mkondoa ulikuwa umejaa, shamba lao likisubiri kupaliliwa, na yeye alikuwa amekaa kwenye kiti barazani akiwaelekeza wadogo zake mistari kwa kidole. Jembe hawezi. Fagio amelifunga kwenye mti mrefu ili afagie amesimama. Nikamwuliza, dada, kwa nini hukuwa unatoka?

"Nani angekaa sebuleni mbele yenu?" alisema. "Mngenikaribisha chai."

Alisema kwa utani. Sikucheka.

Lakini mimi mwenyewe, nikirudi Mikumi, nilikuwa nimeshachukua nafasi yake na nilikuwa mwenyeji. Hapa ndipo pa kusema kweli. Nyamizi alipofika kutoka Msowero, binti wa wafugaji, miguu ya kutembea nyuma ya ng'ombe maili na maili, alikuwa na pumzi kuliko sisi sote ila alikuwa hajui kuigawa. Alikimbilia kila mpira. Robo ya tatu ya mechi yake ya pili alitoka ameshika mbavu. Mimi nilikuwa uwanjani, karibu kabisa na mstari, na ndimi niliyepaza sauti.

"Karibu sebuleni, mgeni. Maziwa yapo?"

Benchi zima liliangua kicheko. Kwao maziwa ndiyo heshima, na nilijua. Nyamizi alikwenda kukaa. Mechi iliyofuata hakutoka, na iliyofuata hakutoka. Nilijisifu kwamba nimemkomaza.

Kisha nikapata mimba ya Salma. Nilikaa nje, nikajifungua, na mtoto akiwa na miezi mitano nikarudi. Nilirudi kwa sababu nilitaka. Msimu huo walikuwa wanakuja watu wa kuchagua kambi ya taifa, na mimi nilikuwa sijawahi kuitwa. Nilijua umri wangu. Nilijua ni sasa au basi. Kocha aliniuliza swali moja tu, mbele ya wenzangu.

"Utamaliza dakika sitini?"

"Nitamaliza, mwalimu."

"Maana siwezi kumwambia huyo anayekuja kuchagua kwamba kiungo wangu anatoka kwenda kunyonyesha."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Mechi ilikuwa pale pale Mikumi, saa tisa alasiri, jua la kuchoma kisogo. Mama alikuja kutoka Kilosa na Salma mgongoni akakaa kwenye kivuli cha ukuta. Yule aliyetumwa kuchagua alikuwa mama mmoja mwenye kofia ya majani na daftari. Tulikuwa tunahitaji sare tu ili timu yetu ipite, na mimi nilihitaji yule mama aandike jina langu.

Robo mbili za kwanza nilicheza vizuri kuliko nilivyowahi kucheza. Sisemi kwa majivuno, hata wao walisema. Mapumziko ya katikati wenzangu walilala chali miguu ukutani, wakamiminiwa maji. Mimi nilikwenda kivulini kumnyonyesha Salma, maana matiti yalikuwa yamejaa hadi mikono haikunyooka. Mama alininywesha maji kwa kikombe huku mtoto ananyonya, kama ndama wawili.

"Zuhura, unatetemeka."

"Ni jasho limepoa, mama."

"Jua lote hili, jasho linapoaje?"

Robo ya tatu mguu wa kushoto, ule wa kuvunja mwendo, ulianza kuchelewa. Nawaeleza jinsi inavyokuwa ili mkiisikia muijue. Hauumi. Unauambia simama, unasimama hatua moja mbele ya pale ulipouambia. Unaongeza hatua moja ya kurudi. Hatua hiyo moja, ukiirudia kila mpira, inakula robo ya nne yote. Mate yakawa mazito. Nikajikuta nautazama mpira. Nilisikia sauti ya Dada Rehema kabisa, na nilijua maana yake.

Robo ya nne, zikiwa zimebaki dakika kama nne, hatujafungana. Mpira ukatoka upande wetu wa benchi. Nyamizi alikuwa ametolewa kwa sababu kiatu chake kilikuwa kimepasuka soli, ameshabadilisha, amesimama mstarini na kofia ya kujikinga uso mkononi, anarukaruka. Tulikuwa umbali wa kunong'onezana.

"Dada, nikuingilie? Dakika mbili tu unarudi."

Niliangalia yule mama mwenye daftari. Niliangalia benchi. Nilitikisa kichwa.

"Dada, miguu yako."

"Kaa sebuleni wewe."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kabla ya kona fupi. Mpira ulirudishwa mchezoni, nikachelewa hatua moja, mshambuliaji wao akanipita ndani ya eneo, beki wetu akamkata gongo, refa akanyoosha mikono golini. Kona fupi, ile adhabu ambayo wao wanausukuma mpira kutoka mstari wa goli na mwenzao anaupiga. Na hapa ndipo sheria inapobana: kona fupi ikishatolewa, mchezaji wa kawaida hawezi kubadilishwa mpaka imalizike. Mlango umefungwa. Uliye ndani ni ndani.

Tulikuwa watano nyuma ya mstari wa goli, pamoja na golikipa. Mimi nilikuwa namba moja. Ninyi mnajua kazi ya namba moja, lakini nataka muisome: mpira unaposukumwa ndani, unatoka golini mbio zote, peke yako, kofia ya uso imekubana, unamkimbilia mtu anayejiandaa kuupiga ule mpira kwa nguvu zake zote kuja upande wako. Ukifika mapema, gongo lako liko mbele ya lake na hakuna hatari. Ukichelewa, umemzibia golikipa macho na hujazuia kitu. Nilikuwa nimeifanya kazi ile miaka saba.

Mpira ukasukumwa. Niliuambia mguu nenda. Ulikwenda. Niliona mtulizaji wao anautuliza, niliona mpigaji anainua gongo, na nilikuwa bado hatua mbili. Mbili. Mpira ulipita karibu na sikio langu, nikasikia unavuma. Golikipa aliniambia baadaye kwamba hakuuona hata kidogo, aliona mgongo wangu.

Tulifungwa moja bila. Timu haikupita. Kwenye ndoo ya maji nilikuwa wa kwanza, mwenyeji halali, dakika sitini bila kutoka. Hakuna aliyenizuia.

Orodha ya kambi ilipotoka jina langu halikuwepo. Hilo sikulilalamikia, ningekuwa mimi nisingejichagua. Kilichonipandisha damu ni taarifa ya kocha, iliyobandikwa ubaoni kila mtu asome: kiungo ameshindwa kurudi katika hali yake baada ya uzazi. Nilimfuata chumba cha vifaa. Alikuwa anahesabu koni.

"Mwalimu, umeandika nini?"

"Nimeandika ulivyocheza."

"Robo ya kwanza na ya pili nilichezaje?"

Akahesabu koni nyingine. "Ulicheza."

"Nilikuwa sijazaa robo ya kwanza? Nimejifungulia mapumzikoni?"

"Zuhura, usiwe mkali. Mwili wa mama ni mwili wa mama."

"Rehema hana mtoto. Mgongo wake uko wapi?"

Hapo aliacha kuhesabu koni. Alisema Rehema alikuwa mpiganaji. Nikamwambia Rehema anafagia kwa mti, nenda Kidete ukamwangalie mpiganaji wako. Nikamwambia ulikuwa na wachezaji watano benchi, wazima, wamekaa, na sheria inakuruhusu, na hukunitoa kwa sababu ulitaka kumwonyesha yule mama kwamba una mtu wa chuma. Akaniuliza, kwa upole kabisa, swali ambalo bado linaniuma.

"Nyamizi alikuomba akuingilie. Nani alikataa?"

Nilitoka bila kujibu. Wiki ile ile wakabandika karatasi ya kunistaafisha. Sikuiomba wala sikuibandua. Jibu nalitoa sasa, mbele yenu: nilikataa mimi. Nilikataa kwa sababu ya kiti. Nilikuwa nimewacheka wenzangu miaka kumi kwenye kile kiti, nikashindwa kukikalia dakika mbili. Kocha ana lake na mimi nina langu, na yote mawili hayamhusu Salma. Mtoto hajanimaliza. Mtoto alikuwa kivulini kwa bibi yake, amelala.

Jumamosi iliyopita nilipanda basi kwenda Mikumi kurudisha vifaa vya klabu: kofia ya uso, jezi mbili, kinga za ugoko. Salma mgongoni. Nikakuta mechi inaendelea, robo ya tatu. Mtunza vifaa hakuwepo, nikaambiwa nisubiri, nikakaa mwisho wa benchi. Wadogo wakanisogelea, shikamoo dada, shikamoo dada, wakamchezea mtoto miguu. Kocha alinisalimu kwa kichwa tu.

Nyamizi alikuwa katikati. Amekuwa mchezaji, nawaambia. Ameshajua kugawa pumzi. Lakini robo ya nne ilipoanza niliona mguu wa kushoto. Anauambia simama, unasimama mbele. Anaongeza hatua ya kurudi. Kiunoni, chini ya jezi, alikuwa amefunga kitu. Nilitazama vizuri. Kitenge.

"Mwalimu, mtoe Nyamizi."

"Zuhura, wewe umestaafu."

"Ndiyo. Mtoe."

"Hatoki huyo. Hajawahi kuomba."

Nikasimama na mtoto wangu mgongoni, nikaenda hadi mstari wa kati. Mpira ulikuwa upande wa mbali. Sikupiga kelele, nilisubiri apite karibu.

"Nyamizi. Toka."

Alinitazama. Jasho lilikuwa limemkaukia usoni, chumvi nyeupe. Najua alichokuwa anakifikiria kwa sababu nilikitengeneza mimi. Alitazama benchi, lote linasubiri nani aanze kukaribisha mgeni. Nikarudi nikakaa pale mwisho, nikapiga ubao wa benchi kwa kiganja, pembeni yangu.

"Njoo ukae na mimi. Nimekuja na mtoto, sina mtu wa kuongea naye."

Akaja. Alivuka mstari anatembea, mdogo mmoja akaingia mbio, refa hakupuliza filimbi, mchezo ukaendelea kama vile hakuna kilichotokea, kwa sababu hakuna kilichotokea. Nyamizi alikaa. Nikampa maji. Hakuna aliyemkaribisha chai. Nilikifungua kile kitenge kwa mikono yangu, kilikuwa kimelowa, nikakiweka kwenye mfuko pamoja na nepi.

"Dada, ile siku," alianza.

"Najua. Pumua."

Alipumua. Salma akamvuta sikio. Dakika tatu hivi, akasimama mwenyewe, akaomba kuingia, akaingia. Haukupita muda refa akanyoosha mikono golini, kona fupi dhidi yetu, na Nyamizi akavaa kofia ya uso akaenda nyuma ya mstari, namba moja. Nilishindwa kukaa. Mpira ukasukumwa. Mpigaji alikuwa hajainua gongo hata nusu, na Nyamizi alikuwa ameshafika.

Mpira ulitoka nje. Wenzake walimrukia. Yeye alijinasua, akakimbia moja kwa moja hadi mstari wa kati, hakuitwa na mtu, kocha hakusema neno, akavuka na kuja mpaka niliposimama.

"Sogea, dada," alisema. "Nikae."